Pauni ya Haboba Niliyoisugua kwa Jivu

Harufu ya jivu lililokamuliwa limau hunipandisha hasira hadi leo. Mtu akianza kusugua sufuria nyuma ya nyumba, mimi naondoka. Hebu nisikilizeni, kisha mseme kama nina makosa.

Tuliishi Atlabara, hapa Juba, wakati wa vita. Mji ulikuwa umezingirwa, na aliyetaka kutoka salama alitoka kwa ndege. Tulikuwa watatu: mama, mimi wa miaka minane, na bibi, tuliyemwita Haboba. Haboba alikuwa na pauni moja, sarafu ya dhahabu aliyoachiwa na babu, ameificha ndani ya kopo la mbegu za simsim. Mfanyabiashara mmoja wa kigeni, aliyekusanya sarafu za zamani, akaja kuiona. Akaichungulia kwa kioo cha kukuzia, akatabasamu, akaahidi kutupatia nafasi tatu kwenye ndege. Angeichukua Jumamosi.

Ijumaa nikaamua kusaidia. Kwetu mgeni hapewi hata kikombe kabla hakijasuguliwa, sembuse dhahabu. Pauni ilikuwa imeshika uchafu wa miaka na harufu ya simsim. Nikaipiga jivu, limau na mchanga wa mto mpaka kichwa cha mfalme kikang'aa. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Yule bwana alipoiweka chini ya kioo, uso ukambadilika. "Mmeiharibu," akamwambia mama. "Imejaa mikwaruzo. Hakuna mtaalamu atakayeipa daraja la ubora. Nafasi mbili, na hizo ni kwa huruma yangu tu."

Haboba alinivuta kwake, akanusa viganja vyangu. "Mtoto iko nasafisha muzuri," akamwambia yule bwana. Kisha akamgeukia mama: "Nyinyi naenda. Mimi iko mzee, nabaki na nyumba."

Tukaenda. Haboba alifariki kabla vita havijaisha, na hatukuwepo kumzika. Moyoni nilijua ni mimi niliyemwacha, wala sikumwambia mtu.

Siku hizi nakusanya sarafu mwenyewe, zile adimu zinazofungiwa kwenye vikasha vya plastiki na daraja lake limeandikwa juu. Nilianza ili nielewe kosa langu. Na kweli, sarafu adimu haisuguliwi, mkwaruzo mmoja huishusha daraja. Hapo yule bwana hakudanganya. Lakini pauni yetu haikuwa adimu. Mwaka wake naukumbuka, maana ni mimi niliyeusugua ukasomeka. Za mwaka ule zilitengenezwa tele, na huuzwa kwa uzito wa dhahabu yake, iliyosuguliwa na isiyosuguliwa bei moja.

Yule bwana alijua, kwani ndiyo kazi aliyoifanya. Alitazama mtoto mwenye viganja vinavyonuka limau, akaona njia ya kubana nafasi moja ya ndege. Nafasi ile ilikuwa ya Haboba. Yeye ndiye aliyeiiba, na mimi nikabeba aibu yake miaka yote hii.