Nafasi Moja ya Kwenda Lindi

Kutoka Kilwa Masoko hadi Lindi kwa ndege ni maili sabini hivi; saa nzima haitimii. Kwa lori wakati wa masika ni balaa tupu, maana mto Mbwemkuru ukishafurika unalala ukingoni siku hata tatu, unamtukana dereva bure. Maftaha aliijua vizuri tofauti hiyo. Serikali ya Mwingereza ilimwajiri kufyeka majani ya kiwanja cha Masoko na kufukuza mbuzi ndege inapotua. Mbuzi aliwafukuza kwa mawe, wenye mbuzi kwa ngumi. Alikuwa Mmatumbi mwenye hasira za karibu, na hakuna anayemtetea.

Asubuhi moja ya masika nguruwe pori alimrarua mkewe, Moza, tumbo, kwenye mihogo. Maftaha alimponda nguruwe kichwa kwa jembe mpaka mpini ukavunjika. Dresa Xaveri, mfunga vidonda wa zahanati, alifunga kidonda, akasema hapa hakuna wa kukishona. Apelekwe Lindi, asipofika leo hafiki tena. Ndege ilikuwa kiwanjani, na ilikuwa na nafasi ya mgonjwa mmoja tu wa kulala.

Majirani wakambeba kwa kitanda, mbio, Maftaha akitangulia. Mvua ilinyesha, basi wakamfunika shuka gubigubi, wala hakuna aliyefikiri jinsi wanavyoonekana. Langoni mwa kiwanja alisimama Sipriani, Mmwera, mtani wa Maftaha. Aliona kitanda, aliona shuka, akajua ni msiba. Akafanya linalompasa mtani msibani: akajilaza njiani.

"Maiti hapiti! Leteni jogoo kwanza!"

"Mzima huyu! Ondoka!" Maftaha akafoka.

"Nyinyi Wamatumbi, hata maiti wenu ni wazima!" Sipriani akacheka, akang'ang'ania mguu wa kitanda.

Injini ilikuwa imeanza kunguruma. Moza alilia, hakusikika. Mtani hakasirikiwi, na Maftaha alilijua hilo tangu utoto. Lakini rubani alikuwa akiwapungia mkono waharakishe. Maftaha akachomoa panga kiunoni. Pigo la kwanza lilizama begani mwa Sipriani, la pili likapasua paja, na damu ikamrukia usoni. Hata hapo aliinua panga tena, mpaka wabebaji wakatua kitanda wakamrukia.

Xaveri, aliyewafuata nyuma, alikuwa amepiga magoti, ngumi zake mbili zimekandamiza paja la Sipriani.

"Huyu anakata roho sasa hivi. Mpakieni yeye. Moza atangoja."

"Atangoja nini? Xaveri! Atangoja nini?"

Maftaha akamrukia. Askari wa kiwanja alimtandika rungu la kisogo, akaanguka matopeni, akafungwa mikono nyuma. Akiwa kifudifudi aliona mtani wake akiingizwa ndani na mlango ukifungwa. Akapiga kelele kama kichaa, akauma buti la askari.

Ndege ikaruka. Alijiburuta kwa magoti hadi kitandani, akaivuta shuka kwa meno. Moza alikuwa mweupe midomoni. Alifumbua macho, akasikiliza ngurumo inavyopungua.

"Baba Esha, ndiyo tunashuka?"

Maftaha alitazama mawingu ya upande wa Lindi.

"Ndiyo, mama Esha. Tunashuka."