Niliona Jino Moja Limepungua, Nikasema "Sawa, Baba"

Admin, salaam. Nisitiri jina langu na la gereji, maana mji huu ni mdogo na wanaonijua wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tisa, baba wa watoto watatu, fundi wa magari hapa Malindi. Kwetu ni bara. Nilikuja pwani sina hata spana, mzee mmoja akanichukua, akanifunza kazi na mwishowe akaniozesha binti yake. Kwa hiyo huyo ni mwalimu wangu, tajiri wangu na mkwe wangu kwa mpigo, na anayedhani hiyo ni raha ajaribu wiki moja. Nampenda mzee huyu. Lakini nimechoka, ndugu zangu, nimechoka mwili na roho.

Kuna mama mmoja wa Watamu, nitamwita Bi Zena. Ana lori dogo linalovuta kwa magurudumu yote manne. Siku nyingine linapeleka wageni kwenye vilima vya mchanga, siku nyingine linapeleka maji kwa watu wa ndani huko, kupita Kakuyuni. Ekseli yake ya mbele ilikuwa nyembamba, imeshavunjika mara mbili, akataka yenye nguvu zaidi. Zikaletwa mbili, kuukuu zote, moja ya kadiri na nyingine nene iliyotoka kwenye lori kubwa. Mzee aliipenda ile nene mara tu alipoiona. Hata mimi niliipenda, sitadanganya.

Kwa msiojua, unene si hoja ya kwanza. Ndani ya ekseli mna difu, na ndani ya difu mna gia mbili za meno, kubwa na ndogo. Hesabu ya mbele lazima ilingane na ya nyuma. Zikipishana, ukishaunganisha magurudumu manne, ya mbele yanataka mwendo wake na ya nyuma wake. Mchangani hutajua kitu, kwa sababu yanateleza na kusameheana. Kwenye ardhi ngumu hakuna msamaha, lazima kitu kikatike.

Difu ya nyuma ilikuwa na meno arobaini na moja kwenye gia kubwa na kumi kwenye ndogo. Mzee akaifungua ile nene, akatia chaki kwenye jino la kwanza kama afanyavyo siku zote, akahesabu kwa sauti. Bi Zena yupo, mafundi wa jirani wapo.

"Arobaini na moja. Na hii ndogo, kumi. Ndiyo yenyewe hii." Kisha akanigeukia. "Hebu nawe hesabu, mwanangu. Macho yangu siku hizi hayaniambii kweli."

Nikainama, nikaihesabu ile ndogo. Tisa. Nikarudia kwa kidole, tisa.

Asubuhi ile ile fundi mmoja alikuwa amemtania mzee kwamba wakati wake wa kukaa barazani na kahawa umefika. Watu walicheka, mzee hakucheka. Na huyo fundi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema, "Sawa, baba. Kumi."

Hapa mkwe hasahihishwi mbele za watu. Unangoja mkiwa wawili, unasema kwa upole. Ndivyo nilivyonuia, wallahi. Lakini jioni mzee alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi. Tukaifunga ekseli, tukalijaribu gari mchangani, likapanda bila kukohoa. Bi Zena akamwambia mzee, "Mkono wako haujazeeka." Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikazaa kesho.

Mvua zikashika. Dereva wa Bi Zena, nimwite Kazungu, alikuwa anapeleka maji njia ya tope hapa, jiwe pale, magurudumu yote manne yakivuta kama inavyotakiwa. Kwenye mteremko wa mawe propela ya mbele, chuma kile kirefu kinachozungusha ekseli, ikakatika, gari likaingia mtaroni na kulala ubavu. Kazungu akavunjika mguu. Bi Zena alimfuta kazi angali hospitalini. "Ekseli ndiyo kwanza imefungwa, nene vile, ivunjike kitu bure? Huyu alikuwa anakimbiza gari langu!" Tangu hapo hakuna mwenye gari, kuanzia Watamu mpaka Bofa, anayetaka kumpa ufunguo.

Nilimweleza mke wangu. Alilia kwanza, kisha akasema, "Baba amebakiwa na kazi hiyo tu. Ukimwondolea, umemzika." Akanishauri niseme chuma kilikuwa kibovu. Sikumwambia kwamba baba yake aliniomba nihesabu. Anadhani namfichia mzee kosa lake, na kila siku ananishukuru kwa heshima yangu.

Sasa Bi Zena ameleta gari tulitengeneze, na anataka ekseli ile ile irudi. Naweza kuibadilisha gia kimyakimya na hakuna atakayejua. Nilikuwa nimeshaamua hivyo, mpaka juzi.

Juzi Kazungu alikuja gereji na magongo yake. Nilidhani amekuja kugomba, nikafurahi hata, angalau mtu aniulize. Alimwamkia mzee, "Shikamoo baba," akabaki amesimama. "Nimekuja kuomba radhi. Kazi yako nimeiharibu. Nimefikiri sana hospitalini, labda kweli nilikuwa na mwendo mkali, mimi sikumbuki vizuri."

Mzee akamshika mkono. "Yamepita, mwanangu. Sote twakosea." Akaniambia nimpe kiti. Nikampa kiti mtu ambaye ameanza kuamini uongo wangu kuliko miguu yake mwenyewe iliyokuwa kwenye breki, naye akaniambia ahsante.

Nikimwambia Bi Zena, mzee ataaibika mjini. Nikimwambia mzee, atajua kwamba siku aliyoniomba niwe macho yake, nilimdanganya usoni. Nikimwambia Kazungu, sijui nitamtazamaje.

Jamani, mlioishi na wakwe mnanielewa. Nianze na nani, nami niseme nini? Ila tafadhali, asiniambie mtu ninyamaze. Hilo nimeshalijaribu.