Mume Wangu Aliiambia Mahakama Hajui Ninapoishi

Admin, nifichie jina, hapa Kasoli tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 38, nina watoto wawili. Mume wangu yuko Mwanza kikazi, mimi nilibaki kulima pamba na kumuuguza mama yake, ambaye amepooza na hainuki kitandani.

Mwezi uliopita mume wangu alikuja nyumbani. Nikampikia ugali na samaki, akala vizuri tu. Alipomaliza kunawa akasema, "Mama watoto, sisi tumeshaachana. Mahakama imetoa talaka." Nikamwambia mbona mimi sijawahi kuitwa mahakamani.

"Ilikuwa ex parte," akajibu.

"Ndiyo nini?"

"Wanasikiliza upande mmoja."

"Upande upi?"

"Wangu."

Akasema aliwaambia hajui ninapoishi, nikatangazwa gazetini, sikutokea. Hajui ninapoishi, na wiki hiyohiyo alikuwa amenipigia kuuliza kama mama yake amekunywa dawa. Sikulia. Nilikusanya vyombo nikaenda kuviosha. Asubuhi akaniambia kuna mwanamke anataka kufunga naye ndoa, akapanda gari akaondoka.

Nikaenda Bariadi mjini kwa mwanasheria. Akanieleza kwamba hukumu ya namna hiyo inaweza kutenguliwa. Niombe mahakama ileile iliyoitoa, huko Mwanza, niseme sikuitwa wala sikujua, ila nisikae sana. Halafu akaniuliza, "Mama, ikitenguliwa, unataka kuendelea kuwa mke wake?" Nikamlipa, nikapanda gari nikarudi Kasoli. Mpaka leo najiuliza swali lile. Hasira sina, uchungu sina, niko tu kama mtu aliyechomwa ganzi ya jino. Napalilia, napika, nalala.

Mama mkwe hajui lolote. Kila siku namgeuza, namwogesha, namnywesha uji. Jana alinishika mkono akasema, "Ng'wanone," yaani mwanangu kwa Kisukuma, "usinichoke."

Nikamjibu, "Sikuchoki, mayu," ndivyo tunavyomwita mama.

Mabinti zake wameolewa mbali, mwanawe wa kiume ndiye huyo. Nikiondoka sijui nani atamgeuza. Nikibaki, sijui nabaki hapa kama nani.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa mliopitia haya, nisaidieni mawazo. Niende Mwanza nikaombe na mimi nisikilizwe, au nifungashe vitu vyangu nirudi kwetu? Na kama ni kufungasha, mayu namwambiaje?