Karatasi ilisema Nzioka, watu wakasema Kalunde: vile Susu alinifundisha sheria ni nini

Wakuu, hamjambo huko mliko. Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, na nikiongeza chumvi nyanya yangu Susu atakuja kunigombeza ndotoni. Kwa hivyo hapa ni ukweli tu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasoma masters ya sociology. Unit moja ilikuwa ya sheria.

Sio sheria ya mawakili. Wakili anauliza kitabu kinasema nini. Sisi tunauliza watu wanafanya nini kwa kweli, na ni nini kinachowafanya watii.

Darasani tulibishana wiki nzima. Wengine walisema sheria ni ile ambayo ukiivunja, kuna mtu mwenye kazi ya kukushika. Wengine wakasema hapana, sheria ni ule utaratibu watu wanaouishi hata kama askari hayuko karibu. Mimi nilikuwa upande wa askari. Hao wengine niliona wanaota mchana.

Supervisor akanituma nikamhoji mtu aliyeona mabaraza ya wakoloni kwa macho yake. Nikamkumbuka Susu. Miaka ya thelathini alikuwa msichana mdogo upande wa Kitui, na baadaye akaolewa huku kwetu Nunguni.

Nilimkuta uani akichambua mbaazi. Ilikuwa alasiri, ukungu unashuka mlimani polepole, mpaka migomba ya jirani ikawa haionekani. Nikawasha recorder, nikasoma swali la kwanza la questionnaire: zamani mlikuwa na sheria gani?

"Sheria? Hatukuwa nayo," akasema. "Sheria ilikuwa ya mzungu. Sisi tulikuwa tunakaa tu."

Nikaandika "hakuna". Nikatick. Nilifurahi hata, ukurasa wa kwanza umeisha.

Susu akaendelea na mbaazi zake. Kisha bila kuinua macho akasema, "Lakini siku yangu ikifika, mwana wakwa, usikubali waandike mimi ni wa Nzioka. Mimi ni wa Kalunde."

Nikamwambia najua, Kalunde ni babu yake mama yangu.

Alicheka mpaka mbaazi zikamwagika. Kalunde alikuwa mwanamke!

Wakuu, kutoka hapo nilisahau questionnaire. Sauti yake ilikuwa ya chini, ukungu umetuzunguka, na mpaka leo nikikumbuka sijui ni kipi nilisikia na ni kipi niliona.

Kalunde alifiwa na mume kabla hajapata mtoto. Ili nyumba isizimike, akafanya vile Wakamba walifanya: akaoa mke. Mke wa namna hiyo anaitwa iweto. Kalunde akapeleka mbuzi za ntheo, zile za kufungua ndoa, mchana kweupe kila mtu akiona. Iweto akamzaa Susu, na mtoto akawa wa nyumba ya Kalunde. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Nzioka alikuwa shemeji ya Kalunde. Alitaka shamba la marehemu ndugu yake, na huyo msichana ahesabiwe wake. Wazee wa baraza wakamkatalia. Akakata rufaa kwa mzungu, yule DC.

Susu alipelekwa akiwa ameshika nguo ya mamake. Anakumbuka nyumba ya bati ilivyokuwa moto, na karani mwenye kalamu sikioni. Mzungu akauliza bwana wa huyu mama ni nani. Akajibiwa, Kalunde. Akauliza tena. Kalunde. Mara ya tatu Kalunde mwenyewe akasimama. Mzungu akacheka, karani akacheka kwa sababu mzungu amecheka, na Nzioka akapewa karatasi kwamba shamba na mtoto ni vyake.

Nikamuuliza, kwa hivyo mlifukuzwa?

"Nani atufukuze?"

Mvua ilikuwa inakaribia. Nzioka akaita mwethya, majirani waje kulima pamoja, kama desturi. Akatengeneza pombe ya kutosha kijiji kizima.

Hakuja mtu.

Hawakumtukana, wakuu. Walimsalimia vizuri njiani, wakamuuliza watoto wako aje. Ila jembe halikuonekana. Pombe ikakaa siku tatu ikachacha. Wiki hiyo hiyo Kalunde akaita mwethya wake, na Susu anasema vumbi la majembe lilifunika jua.

Nzioka alivumilia misimu miwili peke yake na karatasi yake. Msimu wa tatu akaja kwa Kalunde asubuhi na mbuzi, akasema, "Nyumba ni yako, na mtoto ni wako." Karatasi alikuwa ameichomeka kwenye paa la nyasi. Mchwa wakaila.

Miezi michache baada ya hiyo interview, Susu alilala.

Jioni kabla ya mazishi binamu yangu akaleta programu zimeshachapishwa. Nikasoma: "Binti wa marehemu Mzee Nzioka." Binamu akasema hii ni kanisa bwana, tutaelezaje mwanamke kuoa mwanamke mbele ya pastor? Tutachekwa.

Kesho yake mimi ndiye niliyepewa kusoma. Nilifika kwa lile jina nikakunja programu. Nilikuwa naogopa, siwadanganyi. Halafu nikasema, "Binti wa nyumba ya Kalunde, aliyemuoa mamake kwa mbuzi za ntheo."

Pastor akaangalia viatu vyake.

Kisha kwenye benchi ya akina mama wazee mmoja akasema, "Ni w'o." Ni kweli. Wa pili akasema. Halafu benchi yote, pole pole, ni w'o, ni w'o, mpaka binamu yangu mwenyewe akainamisha kichwa. Nililia hapo hapo mbele ya watu.

Hapakuwa na askari, wala karatasi. Ile karatasi tuliyokuwa nayo ilikuwa imekosea.

Nilichojifunza ni kwamba ukitaka kujua sheria ya watu, usiwaulize wako na sheria gani. Uliza siku walipokosana ilikuwaje, na nani hakuja na jembe.

Nilirudi chuo nikafungua ile questionnaire ukurasa wa kwanza. Nikakata lile neno "hakuna". Juu yake nikaandika "Kalunde".

Na kwenu je, wakuu? Ni jambo gani halijaandikwa popote na bado hakuna anayethubutu kulivunja? Andikeni hapa chini, hata mkinicheka ni sawa.