Simu Kabatini

Mchora ramani wa manispaa aliwagawia akina mama wa mtaani kwao simu, ili kompyuta ifuate nyendo zao na kuonyesha wanapovukia mtaro, daraja lijengwe hapohapo. Akawasisitizia wazitunze kama mboni ya jicho.

Ramani ilipotoka, nukta zote za mtaa ule zilikuwa zimeganda majumbani. Bosi wake akaguna. "Hawa hawatoki. Daraja lipelekwe kwingine." Mchora ramani alimweleza tena na tena kwamba wanavuka kila siku, lakini ramani ilishapitishwa, na maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni alimkuta mama yake akiosha miguu iliyojaa tope la mtaroni. Kabla hajafungua kinywa, mama akamtolea simu kabatini, imeviringishwa kwenye kitambaa safi.

"Ipo salama, mwanangu. Wenzangu nao wamezifungia. Sasa daraja letu lini?"