Duara Moja na Mama Mkwe

Mimi nilikuwa afisa wa kilimo karibu miaka thelathini, na kama kuna kitu kinachonichoma roho ni ghala lisilo na mahindi. Lile la Kitale lilijengwa na walowezi, kuta za mawe, mlango wa kupitisha trekta. Siku hizi wanafunzi wa chuo wameligeuza ukumbi wa maigizo. Ukutani wamechora twiga wa zambarau, na mlangoni kijana mmoja alikuwa akiwasomea mashairi watu waliokuwa wakitafuna mahindi choma. Angalau mahindi yalikuwepo.

Sikuenda kutalii. Binti yangu, aliyekuwa mwaka wa pili akisomea kilimo kama baba yake, alinipigia simu nyumbani Bokoli kuniambia ati anataka kuhamia sanaa za maigizo. Nilimfokea mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Baba, njoo unione mara moja tu. Ukishaniona, ukisema niache, nitaacha."

Hayo ni maneno ya mtu mzima, nikashindwa kuyakataa. Nikapiga viatu rangi, nikavaa kofia yangu ya ofisini na kwenda, jibu langu likiwa tayari mfukoni: aache.

Ndani hakukuwa na jukwaa lililoinuka kama yale niliyozoea. Walikuwa wamepanga viti kwa duara, waigizaji wacheze katikati, sisi watazamaji tutazamane. Nikakaa mbele kabisa, maana nilikuja kuona. Nikainua macho. Upande wa pili, hatua kama kumi hivi, alikuwa amekaa mama mkwe wangu.

Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia shambani. Si uadui bana, ni heshima. Tangu nioe, uso wake nilikuwa nimeuona kwenye picha tu; yeye mwenyewe, visigino. Hata tulipomzika mke wangu, miaka sita iliyopita, mimi nililia upande huu wa nyumba na yeye akalia upande ule. Na sasa huyu mtoto ametualika wote wawili, siku moja, kwenye duara!

Ningetoka, lakini mlango ulikuwa nyuma yake. Nikafungua gazeti nililokuja nalo, nikalishika mbele ya uso. Nilipochungulia kwa pembeni nikaona naye amejifunika leso kichwa kizima, kama ugali unaongojea wageni. Basi mchezo ukaanza, mimi nikasoma matangazo ya vifo.

Watu walicheka, wakapiga makofi, na mimi nikamaliza vifo nikaingia kwenye zabuni. Bwana aliyekaa karibu nami akaniuliza kama gazeti ni tamu kuliko mchezo. Nikamnong'oneza kwamba mama mkwe wangu yuko mbele yetu. Kumbe alikuwa mtu wa huku kwetu. Akaniomba radhi, akanisaidia kushika upande mmoja wa gazeti lisipepee.

Hapo ndipo, zamu ya binti yangu ilipofika katikati ya duara, nikasikia, "Wewe mzee, kofia iko kichwani, unatafuta nini tena?"

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Sisemi ilifanana nayo. Ilikuwa yenyewe, na ule uchovu wake wenye kicheko mwishoni. Aliniuliza hivyo karibu kila asubuhi ya ndoa yetu. Mkono wangu ukaenda kichwani wenyewe, na mdomo ukajibu kwa sauti kubwa, "Nimeiona, mama."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nyuma ya gazeti mimi nilikuwa nalia, na sioni haya kusema.

Mchezo ulipoisha tulikutana nje, binti yangu katikati, mimi nimemwelekea twiga wa zambarau, mama mkwe ameelekea barabara. Mtoto alipoona migongo yetu ndipo alipokumbuka mwiko wetu, akajishika mdomo. Ati alikuwa anawaza mambo ya viti tu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo, nimemwonaje.

Nikasema ukweli: sikumwona hata kidogo. Nilimsikia akivuta pumzi, na nikajua kwamba nimemuumiza.

Mama mkwe akaiambia barabara, "Mwambie baba yako hata mimi sikuona kitu. Lakini nimemsikia mtoto wangu."

"Mwambie nyanya yako," nikamwambia twiga, "nami nimemsikia."

Binti yangu akauliza, sasa aache ama asiache? Lile jibu nililotoka nalo Bokoli nikalitafuta nikalikosa. Nikamwuliza mchezo unarudiwa lini. Akasema kesho na kesho kutwa.

"Basi kesho aje nyanya yako," nikasema, "kesho kutwa nije mimi. Na ile ya kofia msiitoe."