Damu ya Erica Yamchanganya Anyesi

Saa kumi na mbili asubuhi, Makutupora. Anyesi Mazengo (44) anakata zabibu kwa mkasi na kuzilaza kwenye kreti. Shamba hili lilikuwa la umma, sasa lina mwenyewe, na mwenyewe hataki zabibu zilizochubuka. Mikono haikosei, ila kichwa leo hakipo kazini.

"Naambiwa damu imenisema," anasema. "Sijui damu inasemaje."

Mwaka jana, 1997, watafiti walipima damu za familia kumi na nane. Walitaka kujua kwa nini malaria humlaza mmoja mara sita kwa mwaka na mwenzake ikampita kando. Wanasema damu ina protini zinazouamuru mwili upigane na ugonjwa au utulie, na kiasi chake hutegemea pia urithi wa wazazi. Mwandishi wa makala haya alielezwa mara mbili, akaambulia nusu.

Anyesi aliulizwa ana watoto wangapi. Akajibu watatu: Ernest, Debora na Erica.

Hakudanganya. Erica, sasa ana miaka kumi na mitatu, alizaliwa na dada wa Anyesi, aliyefariki mtoto angali mchanga. Anyesi alimchukua, akamnyonyesha pamoja na Debora. Erica mwenyewe hajawahi kuambiwa.

"Kwetu ukishamnyonyesha, nani anauliza tena?" anasema.

Wiki iliyopita mtafiti Cornel Wambura alirudi na karatasi zake.

"Shikamoo mama. Alama za urithi za Erica hazifuati zako. Nadhani tulichanganya chupa. Jumamosi tutampima upya."

"Marahaba, mwanangu. Hamkuchanganya," Anyesi akamjibu, akamweleza yote.

Cornel aliomba radhi, akasema basi atalifuta jina la Erica kwenye orodha ya utafiti. Hapo Anyesi akazidi kuvurugikiwa. Jumamosi kila familia itaitwa, jina kwa jina, kupewa majibu yake. Erica asipoitwa, atauliza kwa nini.

"Nimeogopa," anakiri. "Homa zote za huyu mtoto nimezikeshea mimi. Leo karatasi inasema si wangu?"

Anaweka kreti chini, anajifuta jasho kwa pindo la khanga.

"Ijumaa nitamwambia mwenyewe, karatasi isinitangulie. Nitaanza na mama yake, alivyokuwa akicheka. Alicheka kama Erica."

Na watafiti wakirudi na swali lile lile?

"Nitasema watatu. Wakitaka jibu lingine, waiulize damu."